Mkubwa Anaungua Chini

Mambo yaliharibika Alhamisi, tarehe kumi na saba ya mwezi wa nane, mchana, ndani ya ukumbi wa shule, mbele ya watoto walioketi sakafuni wakitafuna karoti mbichi walizogawiwa mlangoni. Mimi nilikuwepo. Nilisimama nyuma kabisa pamoja na wapishi, nimevaa koti langu la harusi, kwa sababu siku hiyo sauti ya mke wangu ilikuwa inatoka kwenye filamu.

Mke wangu alikuwa mpishi mkuu wa shule ile. Wenzake walimwita Mama Mwiko, na hawakukosea, maana hata nyumbani alikuwa akinisemesha ameshika mwiko. Jikoni kwao vyombo vilikuwa na vyeo. Sufuria kubwa kuliko zote, ile inayobebwa na watu wawili kwa mti, iliitwa Mkubwa. Ya pili yake iliitwa Naibu, nayo ilikuwa na mkono mmoja tu. Birika la chai lilikuwa Karani, kwa sababu lina mdomo mrefu na kazi yake ni kukaa pembeni likipoa. Nani aliyeanzisha majina hayo, hakuna aliyekumbuka. Ukipita dirishani asubuhi utasikia:

"Mkubwa ameoga?"

"Bado, jana kalala na ukoko."

"Basi mpandisheni Naibu, watoto wana njaa."

Na hakuna aliyecheka. Yalikuwa maneno ya kazi, kama vile mimi ninavyosema nyundo na risasi ya kuzibia. Mimi ni fundi wa kuziba vyombo, nina banda langu nyuma ya soko. Hata mke wangu nilimpata kwa njia hiyo. Alinijia bandani akiwa bado msichana wa kuosha vyombo, uso umejaa masizi, akasema, "Fundi, njoo haraka, Mkubwa anavuja." Nikadhani ameniletea ugomvi wa watu. Nilipofika na kuona ni sufuria nikacheka mpaka nikakaa chini, naye akanikasirikia. Kiraka nilichompiga Mkubwa siku ile bado kipo. Na yeye hakuacha kuniita Fundi, hata tulipokuwa na mtoto.

Mtoto wetu ni mmoja, binti, anachora katuni kwa kompyuta. Idara ya lishe ilimpa kazi: filamu fupi ya kuwafundisha watoto kupenda mboga. Akatunga kisa cha mboga zinazoishi ndani ya sufuria moja. Kuna Karoti, kuna Kabichi, kuna viazi wengi wasio na majina, na kuna Bibi Kitunguu anayekaa chini kabisa na kuusikia moto kabla ya wengine. Yule mwanamke aliyeajiriwa kusema maneno ya Bibi Kitunguu alikuwa anasema kama anasoma taarifa ya habari. Ndipo binti akamgeukia mama yake.

"Mama, njoo useme wewe."

"Mimi na karatasi zako wapi na wapi?"

"Usisome. Sufuria imeanza kuungua na mboga hazijui. Wewe ni kitunguu, uko chini. Waambie."

"Kitunguu!" akasema mke wangu. "Umri wote huu namkata, leo niwe yeye."

Lakini alikubali. Kila mara kabla ya kusema alikohoa kidogo, kikohozi chake kile cha moshi, kisha akauliza, "Haya, nianze?" Binti akawa anamnyanyulia kidole gumba tu, asiiharibu sauti kwa kujibu. Kisha mke wangu akasema kama anavyosema jikoni siku zote:

"Jamani, Mkubwa anaungua chini, na walioko juu wanasema joto ni zuri! Mtoeni motoni, la sivyo sote tutakuwa ukoko!"

Basi. Hayo ndiyo maneno. Hayo ndiyo yaliyomtoa duniani, hata kama daktari aliandika mengine.

Pale ukumbini, waliocheka kwanza ni wapishi. Walilisikia jiko lao likizungumza ukutani, wakashikana mabega. Kisha walimu wakacheka, na kicheko cha walimu kilikuwa cha namna nyingine, cha kuziba mdomo kwa kiganja na kutazamana kwa pembe ya jicho. Kisha watoto wakacheka kwa kuwa walimu wamecheka. Mgeni rasmi, mheshimiwa kutoka huko juu, hakucheka. Alimwinamia mwalimu mkuu na kumuuliza kwa sauti ya chini, asijue kwamba kipaza sauti mbele yake kilikuwa wazi:

"Mkubwa ni nani?"

Ukumbi mzima ulisikia. Mwalimu mkuu naye, jasho linamtiririka, akajibu ndani ya kipaza sauti hichohicho:

"Ni... ni sufuria, mheshimiwa."

Ukumbi ulipasuka. Kuna mwalimu mmoja alitoka nje anatembea amejikunja kama mwenye tumbo la kuendesha. Mgeni rasmi akasimama, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akaondoka bila kula karoti yake.

Mke wangu akaniuliza, "Fundi, wamependa?"

Nikamwambia wamependa.

Wiki iliyofuata aliitwa mbele ya kamati ya kukagua filamu. Nilimsindikiza, wakaniruhusu kukaa kwenye benchi mlangoni mradi nisifungue mdomo. Walikuwa wameirudia filamu mara nyingi mpaka wakaikariri. Mwenyekiti wao, ambaye mimi namwita Mwenye Tai kwa sababu ile tai yake ilikuwa inafika kabla yake, ndiye aliyeanza.

"Mama, huyu Kabichi, kwa nini amevaa makoti mengi namna hii?"

"Ndivyo lilivyo kabichi, mwanangu. Yale ni majani."

"Mimi si mwanao."

"Samahani, baba."

"Na kila akivuliwa koti moja, ndani kuna jingine. Mnataka watoto wafikirie nini?"

"Wafikirie kabichi, baba."

"Na chumvi? Chumvi inaahidi kuja tangu filamu inaanza, viazi wanaingoja, wanaiimbia nyimbo, inafika wakati wa mwisho kabisa. Hiyo ni nini?"

"Chumvi hutiwa mwisho. Ukiwahi kuitia, maharage yanakuwa magumu."

Mmoja wa wanakamati akanong'ona, "Inaahidi na kuchelewa, jamani hao ni sisi," na jirani yake akamkanyaga mguu chini ya meza. Nilimwona. Nilijua tangu wakati ule kwamba kesi hii si ya mke wangu. Mke wangu alipika mboga. Wao ndio waliojiona ndani ya sufuria.

Kisha akainuka mwanamke mmoja mwenye miwani, akasema yeye amesomea lugha.

"Mama, wewe unadai Mkubwa ni sufuria."

"Ni sufuria, dada yangu. Mume wangu yule pale ndiye aliyempiga kiraka."

"Aliyem-piga! Mnasikia? Kama ni sufuria ungesema inaungua. Umesema anaungua. Hiyo 'a' ni ya mtu, mama. Sufuria haina 'a'."

Mke wangu akafikiri. Alikuwa hataki kumkosea mtu.

"Ya kwetu inayo," akasema. "Sisi tunamheshimu. Ndiye anayelisha shule nzima."

Waliandika hilo pia.

Mwisho wakatoa masharti. Mke wangu arudi chumba cha kurekodi, aseme upya, mbele yao, maneno waliyoyachagua wao: sufuria inaungua. Akisema hivyo filamu itapita, jina la binti litasafika, naye atabaki jikoni kwake. Binti alimpigia mama yake magoti sebuleni.

"Mama, maneno mawili tu. Sufuria inaungua."

"Kwani mimi nimekataa? Nitasema."

Na alitaka kusema, Mungu ni shahidi. Jioni nzima alimenya viazi akijifunza kama mtoto wa darasa la kwanza. Sufuria inaungua. Sufuria inaungua. Mimi nikajifanya kamati, nikafunga kitambaa shingoni kiwe tai, nikamkazia macho. "Haya mama, nini kinaungua?" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamletea maji.

Kesho yake chumbani mle kamati ilipanga viti ukutani, mgeni rasmi mwenyewe akiwa katikati. Binti alikaa kwenye mitambo. Mke wangu akakohoa, akauliza, "Haya, nianze?" Kidole gumba kikanyanyuka. Nikamwona anawatazama wale watu, suti zao, viatu vyao, na nikamwona anavyotafuta moyoni mwake adabu ya kutosha. Ulimi wake ulikuwa na neno moja tu la kukiita kile chombo, na neno hilo limekatazwa. Lile alilopewa lilikuwa kavu mno kulisema mbele ya wakubwa. Akachanganya. Akasema kwa heshima zote, kwa sauti ya wazi:

"Jamani, Mheshimiwa Sufuria anaungua chini!"

Yule mwenye miwani alivua miwani. Binti alijifunika uso kwa viganja viwili, mabega yanaruka, na mpaka leo akiulizwa hasemi kama alikuwa analia au anacheka. Mke wangu akatugeukia, ameridhika, kwa sababu alijua neno Mkubwa hakulitaja.

"Sasa je?" akauliza.

Mheshimiwa akatoka bila kumjibu.

Filamu ikafungiwa. Kompyuta ya binti ikachukuliwa kwa uchunguzi, na kila kilichokuwamo. Mke wangu akaambiwa apumzike nyumbani hadi atakapoitwa. Watu husema aliyefukuzwa kazi kamwaga unga. Huyu wangu hakuwahi kumwaga unga hata chembe, aliufagia mpaka ulioanguka pembeni ya meza. Pale getini walimvua aproni, na pamoja na aproni wakachukua kadi ya matibabu, eti ni ya watumishi walioko kazini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wanapopenda kuvaa miwani ya mbao. Kifua chake kilikuwa kibovu kwa moshi wa jiko lao wenyewe. Kadi ile ndiyo iliyokuwa inampa dawa ya kuvuta. Nilikwenda na kurudi, nikaambiwa mwenye muhuri yuko semina. Nikarudi, nikaambiwa semina imekwisha ila sasa ana mkutano. Mwenye muhuri alikuwa anakula semina, anakula mkutano, na mke wangu anakula hewa kwa kijiko. Dawa tuliyoipata mitaani ilikuwa ya kupaka matope kwenye ufa.

Alikuwa akilala upande wa ukutani, sikio limeelekea njia ya shule. Asubuhi moja akaniuliza, "Fundi, siku hizi nani anampandisha Mkubwa?"

"Yule mwembamba."

"Yule anasahau kukoroga chini. Mwambie akoroge chini."

Nikamwambia nitamwambia. Hilo ndilo agizo lake la mwisho kwangu, mengine yalikuwa ya maji na mto.

Siku ya msiba wapishi wenzake walikuja na Mkubwa mwenyewe, wamembeba kwa mti, wapike cha kuwalisha waombolezaji. Walimpandisha uani kwangu. Watu walijaa, mwalimu mkuu naye akaja, akakaa kiti cha mbele, akatoa pole nyingi sana. Na katikati ya sala, harufu ikaanza. Kila mtu aliisikia. Yule mwembamba aliisikia, alikuwa amesimama hatua chache tu na mwiko mkononi. Akafungua mdomo. Akamtazama mwalimu mkuu. Akaufunga. Wapishi wote wakatazama miguu yao. Wanawake waliopika pamoja naye maisha yao yote walimwacha Mkubwa aungue mpaka moshi ukaingia ndani alikolazwa mwenzao, kwa sababu neno la kusema lilikuwa limekatazwa na hakuna aliyekuwa na jingine.

Tulikula chakula kina masizi. Mwalimu mkuu alisema ni kitamu.

Tangu hapo nimekuwa mtazamaji wa katuni. Kwa kinyozi jirani na banda langu kuna televisheni ya kuwatuliza watoto wasitikise kichwa, na kinyozi anapenda kuweka katuni za vyakula, kwa kuwa zina rangi. Zamani ningeona vyakula tu. Sasa naona yote. Naona mikate imepanga foleni mbele ya tanuri, inasukumana ili iwahi kuingia, na iliyoumuka zaidi inaitukana iliyo bapa. Naona mayai yanaambiwa yasijali, trei ni nyumba yao, na anayeyaambia ni kikaango. Naona jibini lenye matundu linaomba lichaguliwe tena. Nilimwonyesha kinyozi.

"Mzee wangu, ile ni mikate," akasema, mashine inanguruma sikioni mwa mtoto wa watu.

"Ndivyo alivyosema mke wangu. Kabichi tu, alisema."

"Sasa wewe upo upande wa mkeo au wa kamati?"

Nikayafikicha macho. Maana ni kweli, macho haya nimepewa na kamati. Mke wangu hakuwa nayo. Walimtafutia hila ambayo hakuwa nayo, wakamzika nayo, halafu hila yenyewe ikanirithi mimi. Siwezi tena kuangalia kitunguu nikaona kitunguu.

Nilichotaka kilikuwa kitu kimoja. Simu yetu ilikuwa ya tochi, haikuhifadhi sauti ya mtu. Picha yake ninayo, ipo ukutani, amefunga kilemba cha kijani. Picha haikohoi. Nikamuuliza binti, ambaye siku hizi hachori tena, anauza vocha kwenye kibanda.

"Baba, sauti yote ilikuwa kwenye kompyuta. Hata zile nilizokata. Kukohoa kwake, 'haya nianze' zake, kila kitu. Wanayo wao."

Basi nikavaa lile koti, nikaenda.

Dada wa mapokezi alikuwa na adabu. "Shikamoo, baba. Nikusaidie nini?"

"Marahaba, mama. Nimefuata sauti ya mke wangu."

Nikamweleza. Akabonyeza bonyeza, akasoma. "Bado iko kwenye uchunguzi, baba."

"Mpaka leo? Mnahesabu maganda ya kitunguu?"

Alitabasamu, akalimeza tabasamu haraka.

"Sitaki filamu," nikamwambia. "Mkubwa mtoeni, sufuria itoeni, kabichi na makoti yake litoeni. Niachieni pale anapokohoa tu. Kukohoa kumewakosea nini?"

"Baba, mimi sina uwezo huo. Wakubwa wako kwenye chakula cha mchana. Kaa pale."

Nikakaa. Mhudumu akapita na sinia la sahani zilizofunikwa, akaingia mlango wa ndani, na mlango haukufunga sawasawa. Nikasikia viti, nikasikia vijiko. Kisha nikasikia mtu akikohoa.

Kikohozi ni kama uso. Huwezi kukosea.

"Haya, nianze?" akauliza mke wangu.

Nilisimama. "Anza, mama," nikasema. Dada wa mapokezi alinitazama kama niliyeingiwa na wazimu.

"Jamani, Mheshimiwa Sufuria anaungua chini!"

Na mle ndani wakacheka. Hawakucheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha watu wanaokijua kichekesho chao na wanakipenda, kile cha kupiga meza. Nilikisikia cha Mwenye Tai, kizito, kinachopanda ngazi. Mmoja akasema, huku chakula kiko mdomoni, "Rudisha, rudisha hapo kwa Mheshimiwa Sufuria!" Wakarudisha. Na kila waliporudisha, yeye alikohoa upya, akauliza upya kwa adabu yake ileile kama aanze, na hapakuwa na mtu wa kumnyanyulia kidole.

Nikasukuma mlango. Dada aliniita, "Baba! Baba, tafadhali!" lakini hakunifuata.

Mezani kulikuwa na mifupa na soda. Ukutani, mkubwa kama mlango, alisimama Bibi Kitunguu, mdomo wazi, wamemsimamisha katikati ya neno. Kichwani amefunga kilemba cha kijani. Sikuwa nimekumbuka kwamba binti alimchorea kilemba cha mama yake. Yule mwenye miwani alikuwa anajifuta machozi ya kicheko kwa pembe ya kitambaa cha meza. Mwenye Tai alikuwa ameitupa tai yake begani isiingie kwenye mchuzi. Aliponiona aliirudisha kifuani, akameza.

"Mzee, hapa ni mahali pa kazi."

Nilikuwa nimejiandalia matusi ya mwaka mzima. Usiku na mchana niliyanoa. Nilipofungua mdomo sikuyaona hata moja. Nilimwona yeye tu pale ukutani, anangoja amalizie neno lake. Kwa hiyo niliwauliza jambo moja, kwa upole kabisa, kama yeye angeuliza. Walitazamana, wakatazama sahani zao, mmoja akaizima mashine na ukuta ukabaki mweupe. Dada wa mapokezi alinishika mkono akanitoa nje taratibu. Nimerudi pale mara nyingi tangu siku hiyo, na kila ninayemkuta namuuliza lilelile, mlinzi, mhudumu, hata yule mwenye miwani nilipokutana naye kwenye ngazi, naye akajifanya anatafuta kitu mkobani:

Pale mlipocheka, mlicheka kwa kuwa inaungua, au kwa kuwa anaungua?